Kibarazani: Simba wa Shangazi ni Bei Gani?



Toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya kupika pilau katika bweni lenye kengele ya moshi. Pilau itasubiri. Kuna jambo jingine limenikaa kifuani tangu likizo ya Desemba, na wawili watatu kati yenu mmeshaanza kunidodosa kwenye meza ya Kiswahili ya Alhamisi. Heri nilieleze hapa mara moja, maana naona wengi wetu tuna kitu cha namna hii nyumbani, iwe ni picha, saa ya marehemu babu au kanga ya zamani iliyokunjwa vizuri sandukuni. Siku moja mtu atakuambia: uza. Hapo ndipo maswali yanapoanza.

Shangazi yangu anakaa hapa hapa Columbus, na mwezi wa Machi anarudi Tanga moja kwa moja. Alikuja Marekani 1991 na kazi yake miaka yote imekuwa kuhudumia wazee. Juu ya kochi la sebuleni kwake ilitundikwa picha ya Simba mtoto, Timon na Pumbaa wakivuka gogo, kutoka filamu ya The Lion King. Fremu yake ya dhahabu, kioo safi, na chini kuna muhuri unaong'aa. Watoto wote wa ukoo wetu waliopita Ohio wamepigwa picha chini ya Simba huyo, mimi nikiwemo.

Historia yake tunaijua kwa moyo. Filamu ilipotoka 1994, shangazi alipelekwa sinema na mfanyakazi mwenzake. Hakujua anakwenda kuona nini. Mara akasikia simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, na watu wazima wa Kimarekani wanaimba hakuna matata. Anasema alitaka kumgusa jirani yake amwambie, "Hiyo ni lugha yangu," lakini akaona haya, akakaa kimya na machozi yanamtoka. Wiki nyingi zilikuwa zimepita bila kuongea Kiswahili na mtu uso kwa uso.

Mwaka uliofuata akaiona picha ile katika duka la sanaa za katuni, ndani ya jengo moja la maduka. Bei ilikuwa dola 295. Alilipa kidogo kidogo: kila mshahara dola 25, mara 11, na mwisho dola 20, ndipo wakampa picha yake. Mwenye duka alimwambia kuwa hiyo ni sanaa ya asili ya filamu, na kwamba itapanda bei kama nyumba.

Shangazi alilishika neno hilo. Nilipopata nafasi ya chuo akaniambia, "Muhula wako wa mwisho uko ukutani." Kwa makisio yake, Simba alikuwa amefika dola 4,000. Mimi Desemba nilikuwa nadaiwa dola 1,850, na bila kuzilipa nisingeruhusiwa kujiandikisha kwa masomo ya muhula huu. Basi akaniambia, "Baba, ishushe hiyo picha, ukaitafutie bei. Sitaki Machi inikute ninayo."

Nikaishusha.

Kabla ya kuuliza bei ya kitu, lazima ujue kitu chenyewe ni nini. Linaonekana jambo dogo, lakini sisi tulikaa na picha karibu miaka 30 bila kuliuliza.

Filamu za katuni za zamani zilitengenezwa hivi. Mchoraji huchora kwa penseli kwenye karatasi. Mchoro huhamishiwa kwenye plastiki nyembamba inayopitisha mwanga: mistari hupigwa upande wa mbele, rangi hupakwa upande wa nyuma ili isiifunike mistari. Plastiki hiyo wenyewe huiita seli, kifupi cha seluloidi. Wanafunzi wa biolojia mtuwie radhi. Seli huwekwa juu ya picha ya mandhari, hupigwa picha moja, huondolewa, huwekwa nyingine. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, kwa hiyo filamu moja ndefu ilihitaji maelfu kwa maelfu ya seli. Katika studio ya Disney waliopiga wino na kupaka rangi walikuwa wanawake kwa sehemu kubwa, na majina yao mengi hayakuonekana kwenye filamu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Siku hizo hakuna aliyeziona seli kuwa mali. Nyingine zilioshwa zitumike tena, nyingine zilitupwa. Mwaka 1938, baada ya mafanikio ya Snow White and the Seven Dwarfs, nyumba ya sanaa ya Courvoisier ya San Francisco ilianza kuziuza kama picha za ukutani. Disneyland ilipofunguliwa 1955, watalii walizinunua hapo kwa dola chache tu kama ukumbusho wa safari. Baadhi ya seli hizo za dola chache leo huuzwa mnadani kwa maelfu, na hadithi za namna hiyo ndizo zinazompa kila mwenye picha ukutani ndoto za utajiri.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili tunapaswa kulijua. The Little Mermaid ya 1989 ndiyo filamu ndefu ya mwisho ya Disney kupakwa rangi kwenye seli kwa mkono. Mwaka 1990 The Rescuers Down Under ilipakwa rangi kwa kompyuta, na zilizofuata hivyo hivyo. The Lion King ni ya 1994. Wachoraji walimchora Simba kwa penseli kwenye karatasi, michoro ikaingizwa kwenye kompyuta, rangi ikawekwa humo. Kwa hiyo hakuna seli hata moja iliyotumika kupiga filamu ile. Mtu akikuonyesha "seli ya asili kutoka The Lion King", mpe pole au mpe mgongo.

Basi ukutani kwa shangazi kulikuwa na nini?

Nyuma ya fremu, chini ya karatasi ya kahawia iliyogandishwa kwa gundi, kulikuwa na bahasha, na ndani yake cheti. Cheti hakikuficha kitu. Kilisema kazi hii ni seriseli, moja kati ya 2,500. Seriseli ni picha iliyochapwa kwenye plastiki kwa kupitisha wino kwenye kitambaa kilichowambwa, rangi moja baada ya nyingine. Ni njia ile ile tuliyochapia fulana za klabu yetu mwaka jana. Hakuna mkono wa mchoraji wa filamu uliogusa plastiki hiyo. Kuna daraja ya kati pia, seli zinazopakwa rangi kwa mkono kwa idadi maalumu ili ziuzwe tu, na hizo bei yake huwa juu kuliko seriseli. Yetu haikuwa hiyo.

Nilikaa na cheti kile mkononi kwa muda. Kumbe mama yake Simba katika filamu anaitwa Sarabi, na wanaojua Kiswahili cha ndani wanajua sarabi ni mazigazi, yale maji unayoyaona barabarani juani, ukiyafikia hayapo.

Hata hivyo seriseli nayo ina bei yake, na nilikuwa nimetumwa bei. Nikaenda kwa mwalimu mmoja wa idara ya sanaa, akanipa somo la nusu saa ambalo nawapa nanyi bure.

Kwanza, hali ya kitu. Seli na seriseli za miaka ya karibuni hutengenezwa kwa asetati ya selulosi, na asetati ina maadui watatu: joto, unyevu na mwanga. Ikianza kuharibika hujikunja, na hutoa harufu ya siki. Nilifungua fremu nikainusa kama mtu anayechagua embe sokoni. Siki haikuwepo, shukrani. Lakini picha ilikuwa imekabiliana na dirisha miaka yote. Pale pembeni, chini ya kadi ya fremu, rangi ilikuwa kali kama mpya. Katikati, Pumbaa amekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hilo peke yake linapunguza bei.

Pili, kilichochorwa. Hata kwa seli halisi, bei hufuata mhusika na mkao wake. Mhusika maarufu, anayeonekana mwili mzima, uso umegeuka kwako, macho wazi, huyo huwa ghali. Mhusika yule yule akiwa amefumba macho au ameonekana mgongo tu, bei hushuka sana. Seli ikiwa na mandhari yake halisi ya filamu, bei hupanda mno.

Tatu, na hili ndilo wengi tunalikosea: usiangalie bei wanazotaka wauzaji, angalia bei walizopata. Mtu mmoja alikuwa anauza seriseli kama yetu kwa dola 1,500. Ningemwonyesha shangazi hiyo tu, angefurahi. Lakini bei ya kuomba haina mwisho, hata mimi naweza kuiuza kalamu yangu kwa dola milioni. Nyumba za mnada kama Heritage ya Dallas huweka kumbukumbu za mauzo yaliyopita, na masoko ya mtandaoni huonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Niliandika mauzo 12 ya kazi zinazofanana na yetu. Ya chini ilikuwa dola 60, ya juu 240. Nyingi zilikuwa kati ya 100 na 170.

Nne, bei siyo pesa utakayopata. Mnadani mnunuzi huongezewa asilimia juu ya bei ya nyundo, na muuzaji naye hukatwa kamisheni. Ukiona rekodi inasema kitu kimeuzwa dola 250, uliza kama nyongeza ya mnunuzi imo, maana muuzaji hakuipata hiyo. Ukiuza mtandaoni kuna makato, kuna kufunga kioo kisivunjike na kuna posta. Nyumba kubwa za mnada pia hazihangaiki na kitu cha dola mia. Kwa kitu kidogo, mnunuzi wa karibu anayekuja kuchukua mwenyewe ndiye mwenye faida.

Tano, mtu akikuthaminia kitu kisha akataka kukinunua yeye, tafuta mwingine akithaminie. Na karatasi ya thamani kwa ajili ya bima isikudanganye, kwa kuwa hiyo ni gharama ya kukipata kingine dukani. Wewe ukiuza hutapewa bei ya dukani.

Niliandika haya yote kwenye daftari. Bei yangu ikawa dola 150, labda pungufu kidogo. Kilichobaki ni kwenda kumwambia mwenyewe.

Jumapili nikaenda. Nilimkuta ameshaweka chai ya tangawizi na mahamri mezani, na ukuta nyuma yake una alama ya mraba mweupe pale palipokuwa na Simba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Haya, nipe habari za Simba wangu."

Nilizunguka. Nikaanza na Snow White, nikapita kwenye wino na rangi, nikafika 1989. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wazee wake wa kazini, bila haraka. Halafu akauliza swali moja tu: "Ziko ngapi kama hii?"

"Elfu mbili na mia tano."

"Basi ana ndugu wengi kuliko mimi." Akanywa chai. "Na bei?"

"Mia na hamsini. Labda."

Akanyamaza. Nilidhani atalia, na nilishaanza kumlaumu yule mwenye duka kwa niaba yake. Akanikatiza. "Aliniongopea, ndiyo. Lakini na cheti kilikuwepo, mimi ndiye nilikiacha nyuma ya fremu. Niletee hilo daftari lako." Akaandika 295, akagawanya kwa miaka 30. "Chini ya dola kumi kwa mwaka," akasema. "Televisheni zimenila zaidi, na hakuna hata moja iliyonifurahisha hivyo."

Hapo mimi nikafanya kosa langu. Nikamwambia asiuze. Kitu cha kumbukumbu kama kile, kwa dola 150? Ni aibu. Bora aende nacho Tanga, au aniachie mimi.

Tanga alilikataa mara moja, na nilijua ana haki. Nyumba yao iko karibu na bahari. Masika hata daftari huota ukungu kabatini; asetati ingedumu miaka mingapi? Kuhusu kuniachia mimi, aliniuliza nitaitundika wapi, nami nalala chumba kimoja na wenzangu wawili. Nikasema nitaihifadhi chini ya kitanda.

"Ningekuambia ni dola 4,000, ungeniambia niuze?"

"Ningekuambia uuze leo."

"Basi si picha unayoionea uchungu, baba. Unaona haya kwa bei yake."

Sikuwa na jibu. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile. Watu wengi husema kitu chao hakina bei, kumbe wanasubiri bei kubwa. Kitu kikiwa cha thamani kwako kweli, dola 4,000 zingekupa shida ile ile ya dola 150: ungetaka kubaki nacho. Na kama ungekiuza kwa 4,000 bila kugeuka nyuma, basi kukikatalia dola 150 si kukipenda. Ni kuona kwamba umedharauliwa. Jiulize hivyo kabla hujaamua, kwa sababu ukikichanganya kimoja na kingine utajaza nyumba vitu ambavyo huvipendi wala huviuzi.

Hata hivyo, niseme kweli, sijakubaliana naye kabisa. Mimi nilikuwa naona haya, lakini pia nilikuwa naitaka. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Ila picha haikuwa yangu. Neno la mwisho juu ya kitu ni la mwenye kitu, nasi wapwa na watoto hujisahau tukadhani kumbukumbu zetu zinatupa hisa.

Tuliweka dola 180, tukijua mtu atabembeleza hadi 150. Tangazo niliandika mimi, akalisahihisha yeye. Tulisema wazi: ni seriseli, si seli ya filamu, rangi imefifia kwa jua, cheti kipo, fremu ni ya 1995. Rafiki yangu mmoja alinishauri niandike tu "sanaa ya asili ya The Lion King", kwani nani atajua? Nikamwambia ndivyo shangazi alivyouziwa.

Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chetu kilikuwa kizuri na bado kilijitembeza siku 19. Watu wawili waliuliza wasirudi. Wa tatu alitoa dola 80, shangazi akamshukuru. Wa nne alikuwa mwalimu wa chekechea, aliyeiona filamu ile 1994 akiwa na miaka sita. Alitaka kuitundika darasani. Alitoa 140. Shangazi alimtazama, akamuuliza darasa lake lina dirisha upande gani, akamweleza ukuta gani asiutumie, kisha akakubali. Cheti alimkabidhi mkononi, akamwambia, "Soma hiki kwanza."

Kabla hajaondoka naye tulimpiga Simba picha moja kwa simu, shangazi amesimama pembeni, ameweka mkono juu ya fremu kama mtu anayepiga picha na ndugu yake kituo cha basi.

Zile dola 140 alinipa zote. "Sehemu ya ada," akasema. "Niliahidi kuwa muhula wako uko ukutani. Ulikuwepo kidogo." Nilizikataa mara moja kwa adabu na mara ya pili kwa kweli, lakini nani amewahi kumshinda shangazi wa Kitanga? Zilizobaki, dola 1,710, ofisi ya ada imenikubalia nilipe mara sita, dola 285 kila mara, kutoka mshahara wangu wa maktaba. Nimekwisha kulipa mara mbili. Kila nikipeleka malipo namkumbuka yeye 1995, akipeleka dola zake 25 dukani.

Mwenye kitu chake ukutani, leo jioni kishushe ukasome kilichoandikwa nyuma. Si lazima ukiuze. Lakini ujue unachokipenda ni nini. Na kama kinatazama dirisha, kihamishe.

Wanaotaka kumuaga shangazi, ana chai siku ya Jumamosi ya mwisho ya Februari. Njooni mnione nikuelekezeni nyumbani. Ukuta ni mtupu, mahamri yapo.

Toleo lijalo, pilau. Safari hii ahadi ni ahadi.